ASIYEFIKA NAYE AHESABIWE

Mkulima na mchuuzi wamegombana juu ya kipimo tangu soko lilipoanza kuwa soko. Kila msomaji wetu aliyepata kuuza viazi au mahindi aielewa maana ya lumbesa: gunia huitwa moja, bei hulipwa ya gunia moja, lakini juu ya mdomo wake limejengwa kilemba cha kamba chenye mzigo wa ziada ambao mkulima halipwi. Kwa sababu hiyo nchi yetu imeweka sheria ya vipimo, na Wakala wa Vipimo hupita masokoni na mizani yake mwenyewe, wala haitumii mizani ya mwenye duka kumhukumu mwenye duka.

Leo twataka kuzungumza juu ya kipimo kingine, kisichokuwa na mkaguzi wa namna hiyo, ingawa chagusa maisha ya watu wengi kila siku. Nacho ni muda unaopita tangu mtu abonyeze anwani ya ukurasa katika intaneti mpaka ukurasa huo uonekane na ukubali kutumika.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la mafundi, halistahili kuandikwa katika ukurasa wa tahariri. Sisi twakataa. Matokeo ya mitihani siku hizi hutazamwa katika intaneti. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ya ajira serikalini, usajili wa jina la biashara, namba ya kulipia ada na kodi: haya yote leo hupitia katika kurasa hizo. Yaani mlango wa ofisi umekuwa ukurasa. Zamani karani akifungua dirisha aliiona foleni kwa macho yake. Aliwaona wazee waliokaa chini ya mwembe na akina mama wenye watoto mgongoni, na kama alikuwa na moyo wa kibinadamu aliharakisha kazi. Foleni ya leo haionekani. Mwenye kungoja yuko peke yake chumbani kwake, kule Tunduru au Kibondo, na simu mkononi. Kama foleni haionekani, basi hapana budi ipimwe; na kama yapimwa, ipimwe kwa haki.

Tuanze kwa kueleza safari yenyewe. Mtu akibonyeza anwani, simu yake kwanza huuliza anwani hiyo yakaa wapi. Ikijibiwa, hupiga hodi kwa seva, yaani mtambo unaozitunza kurasa, nayo seva huitika. Baada ya kuitikana, pande mbili hupatana siri ya kufungia mazungumzo yao ili mwizi asiyasikilize. Ndipo simu hutoa ombi lake, na ndipo jibu huanza kurudi. Kwa utaratibu uliozoeleka, hata kama anwani imekwisha kujulikana, hizo ni safari tatu za kwenda na kurudi kabla herufi ya kwanza haijafika.

Sasa tupige hesabu. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari husafiri yapata kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam mpaka London ni yapata kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo kwenda na kurudi mara moja hakuwezi kupungua milisekunde 75, na safari tatu ni karibu robo ya sekunde, hata kama dunia nzima imelala na njia i tupu. Kwa kweli nyaya hazinyooki, hulizunguka bara, na njia haiwi tupu. Umbali hauna upendeleo. Hakuna waziri wala tajiri awezaye kuuamuru mwanga ukimbie zaidi.

Lakini umbali si mzigo ulio mkubwa. Mzigo mkubwa ni ukurasa wenyewe. Mwaka 2007 mhandisi wa Marekani, Steve Souders, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Yahoo!, alitoa kitabu alimoonyesha kwamba asilimia 80 hata 90 ya muda anaongoja msomaji hautumiki kule seva iliko. Hutumika upande wa msomaji, katika kushusha picha, maandishi ya mapambo na programu ndogo ndogo, na katika kuzipanga na kuziendesha ndani ya kifaa chake. Hapo ndipo ilipo lumbesa ya intaneti. Ukurasa huitwa mmoja, lakini juu yake kumejengwa kilemba cha picha kubwa zisizo na lazima, matangazo, na programu za kumpeleleza msomaji anatazama nini.

Chukua ukurasa wa megabaiti 2. Kwa lugha ya nyaya hizo ni megabiti 16. Mahali ambapo njia hupitisha megabiti 1 kwa sekunde, ukurasa huo hautashuka wote kabla ya sekunde 16. Ukurasa wa kilobaiti 100, wenye habari ile ile, ungeshuka kwa muda usiotimia sekunde moja. Tena zile programu ndogo zikiisha kufika hazina budi zisomwe na kuendeshwa, na simu ya bei nafuu huifanya kazi hiyo polepole kuliko simu ya mkubwa. Na mwenye simu ya bei nafuu ndiye huyo huyo anunuaye bando dogo dogo, akihesabu megabaiti kama ahesabuvyo vidonge vya dawa. Basi mmoja analipa mara mbili: kwa muda wake na kwa fedha yake.

Je, muda huo hupimwaje? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Njia ya kwanza ni ya mafundi kukaa ofisini, kuufungua ukurasa katika kompyuta zao mpya, kwa waya mnene, karibu na seva, na kutangaza kwamba umefunguka kwa sekunde moja. Hawasemi uongo. Lakini wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mafundi waadilifu wamelijua kosa hili, wakatengeneza mitambo ya kujaribia ambayo huiga mtandao wa pole na simu dhaifu. Hiyo ni hatua njema, nasi twaisifu. Walakini kuiga ni kuiga. Mtambo wa maabara hauijui mvua ya masika inayoutikisa mnara, wala haujui saa ya jioni ambapo mji mzima uko hewani.

Njia ya pili ni kupima kule kule msomaji aliko. Mwezi Desemba 2012 shirika la W3C, liwekalo viwango vya wavuti, liliidhinisha utaratibu ambao kwa huo kivinjari chenyewe huweza kutoa taarifa ya saa kwa kila hatua: saa ya kuuliza anwani, saa ya kupiga hodi, saa ya jibu la kwanza, saa ukurasa ulipokwisha. Tangu hapo mwenye tovuti hana udhuru. Anaweza kujua mtu wa Kibondo alingoja kwa muda gani.

Hata hivyo, kuwa na hesabu si sawasawa na kuwa na ukweli. Wakubwa hupenda wastani, kwa sababu wastani ni namba moja nayo hukaa vizuri katika hotuba. Tuchukue watu kumi. Tisa wamengoja sekunde 2 kila mmoja, na wa kumi amengoja dakika nzima. Wastani wao ni sekunde 7.8. Namba hiyo haimwelezi hata mmoja kati yao. Waliopata upesi hawaijui, na aliyeteseka amefichwa ndani yake.

Kwa sababu hiyo wataalamu wameacha kutegemea wastani peke yake, nao hupanga watu wote kwa mstari kutoka wa upesi mpaka wa pole, kisha huuliza: mtu aliye mahali fulani katika mstari amengoja kiasi gani? Mwaka 2020 kampuni ya Google ilitangaza vipimo vitatu vya namna hiyo. Cha kwanza chasema kwamba ukurasa ni mzuri ikiwa, katika ziara 75 kwa kila 100, sehemu iliyo kubwa kuliko zote usoni pa ukurasa huonekana kabla ya sekunde 2.5 kupita. Kipimo kingine, kilichobadilishwa mwezi Machi 2024, chataka ukurasa uitikie mguso wa mtu kwa muda usiozidi milisekunde 200. Cha tatu hutazama kama vitu vya ukurasa vinarukaruka wakati vikishuka, hata mtu aliyekusudia kughairi akajikuta amebonyeza pa kulipa.

Vipimo hivi ni bora kuliko wastani. Lakini tuvisome kwa macho mawili. Ziara 75 kwa 100 zikiwa njema, ukurasa hupewa sifa. Na zile 25 zilizobaki? Katika nchi yetu, robo ya pole si watu waliotawanyika kwa bahati tu. Aghalabu ni watu wa mahali pamoja na wa hali moja: wa mbali na mnara, wa simu kuukuu, wa bando dogo. Tena takwimu ambazo Google huzitoa kwa umma hukusanywa kutoka kwa watumiaji wa kivinjari cha Chrome. Atumiaye Opera Mini, ambacho wengi hukichagua kwa sababu hubana ukurasa na kuokoa bando, hayumo katika hesabu hiyo hata kidogo.

Na liko kosa kubwa zaidi, ambalo ndilo lililotufanya tuandike. Mara nyingi programu ndogo ipimayo muda huja ndani ya ukurasa wenyewe, nayo hutuma hesabu yake ukurasa ukiisha kufunguka. Mtu aliyechoka kungoja akafunga simu, au aliyeishiwa bando katikati ya njia, hana hesabu. Kwa mwenye tovuti, mtu huyo hakuja. Ni sawa na mchungaji ahesabuye mifugo iliyorudi zizini tu, kisha akatangaza kwamba mifugo yote i salama. Kadiri ukurasa unavyokuwa mbaya, ndivyo wanyonge wanavyouacha. Na kadiri wanavyouacha, ndivyo namba zinavyopendeza.

Msomaji asidhani kwamba tunatunga. Jambo hili lilitokea, na lilisimuliwa mwaka 2012 na mhandisi mwenyewe aliyehusika, Chris Zacharias, aliyekuwa akifanya kazi YouTube. Ukurasa wa kutazamia filamu wa kampuni hiyo ulikuwa umefikia megabaiti 1.2. Yeye aliona ni aibu, akaukata na kuupunguza mpaka ukawa kilobaiti 98. Mwaka 2009 ukurasa huo mwepesi, ulioitwa Feather, ukaanza kupelekwa kwa sehemu ya watazamaji. Alitazamia kwamba wastani wa muda wa kungoja ungeshuka. Kinyume chake, wastani ulipanda. Ukurasa mwepesi ulionekana kuwa wa pole kuliko ule mzito.

Mtu mwingine angeutupa ukurasa ule na kukiri kushindwa. Lakini walipozigawanya hesabu kwa nchi na nchi, ukweli ulijitokeza. Watu wengi wa Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika na Siberia, ambao zamani walikuwa hawamo katika hesabu, walikuwa wameanza kutazama. Kwao ukurasa mzito ulihitaji zaidi ya dakika 20 hata kabla ya filamu kuanza, nani angengoja? Ukurasa mwepesi uliwafikia kwa dakika 2 hivi. Dakika 2 ni nyingi, nazo ziliupandisha wastani. Lakini kwa watu wale zilikuwa ni mlango uliofunguliwa kwa mara ya kwanza. Namba ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu haki ilikuwa imeongezeka.

Tunawasihi wote wenye dhamana ya huduma za umma wakitafakari kisa hiki. Mkubwa akiletewa taarifa kwamba tovuti ya idara yake hufunguka kwa sekunde 2, asishangilie kwanza. Na aulize: hizo ni sekunde za nani? Na ni wangapi waliobisha hodi wasiingie?

Wako wasemao kwamba tusubiri tu, maana minara yaongezeka, na mitandao ya kizazi cha nne na cha tano yaenea, na shida hii itakwisha yenyewe. Hoja hiyo haina mizizi. Njia zimepanuka kweli: nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Lakini kurasa nazo zimenenepa. Mradi wa HTTP Archive, ulioanza kupima kurasa za dunia mwaka 2010, ulikuta kwamba ukurasa wa kati wa kompyuta ulikuwa chini ya kilobaiti 500. Mwaka 2024 ulikuwa umepita megabaiti 2.5. Kila barabara ipanuliwapo, madereva huongeza mizigo. Aliyebaki katika njia nyembamba hakupata nafuu. Mzigo umemwongezekea na njia ni ile ile.

Tena tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na Tanzania, Kenya na nchi jirani zikaingia katika mtandao wa kujikongoja. Kwa siku kadhaa watu wa mijini waliokuwa na simu nzuri walikaa wakitazama duara likizunguka. Siku zile mtu wa Dar es Salaam alionjeshwa kidogo yale ambayo mtu wa wilaya ya mbali huyala kila siku. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Yafaa tusiusahau uchungu ule sasa nyaya zilipokwisha kuungwa.

Wengine hutukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Methali ni ya kweli, lakini imewekwa mahali pasipo pake. Hatudai watu wafanye kazi kwa pupa. Twadai wasipotezewe muda bure. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993, akifuata uchunguzi wa miaka mingi kabla yake, kwamba jibu likija kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu huona limekuja papo hapo. Likifika sekunde moja, fikira zake hazijakatika. Likipita sekunde 10, moyo wake huondoka kwenye kazi na kutafuta lingine. Haya si mambo ya Wazungu wala ya Waafrika. Ni maumbile ya binadamu. Na siku ya mwisho ya kupokea maombi, moyo ukiondoka, nafasi ya kijana nayo huondoka.

Basi sisi twapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja lililo gumu.

Kwanza, kila idara yenye huduma katika intaneti ipime muda kule aliko mwananchi, wala isitangaze wastani peke yake. Itangaze muda wa mtu wa katikati, na muda wa mtu wa tisini na tano katika kila mia. Huyo wa tisini na tano ndiye atakayesema kweli.

Pili, wahesabiwe wasiofika. Seva huandika kila ombi lililoifikia, hata kama ukurasa haukumalizika kushuka. Tofauti iliyoko kati ya waliobisha hodi na walioingia, na kati ya walioanza kujaza fomu na walioimaliza, ndiyo hesabu tunayoidai. Pasipo hiyo, taarifa yoyote ya mafanikio ni nusu ya taarifa.

Tatu, ukurasa wa huduma ya umma uwekewe kikomo cha uzito, kama gunia lilivyowekewa. Fomu ya maombi ina maneno na visanduku vya kujaza. Haina haja ya picha kubwa ya jengo la makao makuu wala ya picha za wakubwa zipitazo kwa zamu. Fundi akitaka kuongeza kitu, na aonyeshe alichokipunguza.

Nne, kabla ya ukurasa kufunguliwa kwa umma, mkuu wa idara mwenyewe aujaribu kwa simu ya bei nafuu, akiwa wilayani, kwa bando alilolinunua kwa fedha zake. Mamlaka ya Serikali Mtandao imewekwa na sheria ya mwaka 2019 kusimamia mambo ya namna hii; ikiufanya utaratibu huu kuwa sharti, itakuwa imewafanyia wananchi kazi ileile ambayo Wakala wa Vipimo huwafanyia wakulima sokoni.

Wala hatusemi haya kana kwamba sisi wenye magazeti tu watakatifu. Kurasa nyingi za magazeti katika intaneti zimelemewa na matangazo, hata msomaji akitafuta habari ya mistari ishirini hubebeshwa mzigo wa kitabu. Mwenye kunyoosha kidole na aangalie vidole vitatu vinavyomrudia. Hesabu tunayoidai kwa wengine, na ianze kudaiwa kwetu.

Muda wa mtu maskini si wa bei rahisi kwa sababu yeye ni maskini. Kijana aliyetembea mpaka penye mtandao, akangoja, akaishiwa bando, akarudi nyumbani bila kutuma ombi lake, hatapiga simu kulalamika wala hataandika barua kwa mhariri. Atanyamaza. Kimya chake kisihesabiwe kuwa ni kuridhika.